Hina Halisi Haina Haraka

Mwezi wa Desemba mwaka 2024, wajumbe wa UNESCO walipokutana mjini Asunción, nchini Paraguay, waliiandika hina katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu, ule urithi usioshikika kwa mkono kama ngome au msikiti, bali unaokaa katika maarifa na desturi za watu. Nchi 16 za Kiarabu ndizo zilizoungana kupeleka ombi hilo, na miongoni mwazo zimo Oman, Yemen, Sudan, Misri na Saudi Arabia. Habari hizo zilipofika kwetu pwani, nilizisikia zikizungumzwa barazani kwa namna mbili. Wako waliofurahi, wakasema kuwa jambo la mama zetu sasa limejulikana ulimwenguni. Na wako walionuna, wakauliza: Na sisi je? Kenya haimo, Tanzania haimo, Somalia haimo. Mtoto wa Lamu aliyetiwa hina kabla hajajua kusoma alifu na be, hina si yake?

Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Lakini baada ya kulijibu nitauliza langu, ambalo naliona kuwa zito zaidi: hiyo hina tunayoigombania jina lake, bado tunayo majumbani mwetu?

ORODHA SI HATI YA SHAMBA

Kwanza yafaa tufahamu kwamba orodha ile si hati ya kumiliki shamba. Nchi 16 kuandikwa hakumaanishi kuwa hina imekuwa mali yao, wala hakuna atakayekuja kututoza kodi kwa kumpamba bibi arusi. Isitoshe, mlango haukufungwa. Mtende uliandikwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2019 kwa majina ya nchi 14, kisha mwaka 2022 Qatar nayo ikaongezwa. Kenya iliridhia mkataba wenyewe tangu mwaka 2007, na mwaka 2009 desturi za kaya za jirani zetu Wamijikenda zikaandikwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa upesi. Basi njia twaijua. Wakitaka wakubwa wetu, ombi laweza kupelekwa.

Lakini tuangalie vyema ni kitu gani kilichoheshimiwa kule Asunción. Hakikuheshimiwa kiganja chekundu peke yake. Kilichoheshimiwa ni kazi nzima: kulivuna jani, kulikausha, kulisaga, kulichanganya, kumkalisha mwenye kutiwa, kuimba naye, kumliwaza, na bibi kumwonyesha mjukuu namna ya kushika kijiti. Hina ikitoka kwenye mti mpaka kwenye kiganja, katikati pana elimu. Elimu hiyo ndiyo urithi.

Sasa tujitazame sisi. Tukiambiwa kesho tupeleke ombi letu, tutakwenda kuonyesha nini? Mihina iliyokuwa ikiota uani na kandokando ya nyua imekatwa ili nyumba ziongezwe vyumba. Kinu kimegeuka pambo. Na bibi arusi wengi niwaonao katika mitaa ya Mombasa wamechorwa kwa rangi nyeusi tititi kama wino, mikono na miguu, na ukiuliza ni nini utaambiwa ni hina. Si hina. Ni piko.

HAKUNA HINA NYEUSI

Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Piko wengine huiita hina nyeusi, na jina hilo lenyewe ni udanganyifu, kwa maana hakuna hina nyeusi. Jani la mhina lina rangi yake moja, ambayo wataalamu huiita losoni. Rangi hiyo huingia katika tabaka la juu la ngozi na kushikana nalo. Huanza na rangi ya chungwa, na baada ya siku moja au mbili hukolea ikawa kahawia, au ile tuiitayo damu ya mzee. Kiganjani na nyayoni, ambapo ngozi ni nene, hukolea zaidi. Hapo ndipo mwisho wake. Kitu kikitoa weusi wa kaniki katika muda wa saa moja, hicho kina mgeni ndani yake.

Na mgeni huyo mara nyingi ni dawa ya viwandani iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Ndiyo itiwayo katika dawa nyingi za kutilia nywele weusi. Mapaketi mengi ya dawa hizo hubeba onyo kwamba isipakwe ngozini, na kwamba mtu aijaribu mahali padogo saa 48 kabla ya kuitumia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaruhusu PPD katika dawa ya nywele isizidi sehemu 2 katika 100 inapopakwa kichwani, na kuipaka ngozini hairuhusiwi. Marekani nako hairuhusiwi kuitia katika rangi za kuchorea ngozi. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa ngozi wa Amerika kinachoshughulikia maradhi ya mwasho kiliitangaza PPD kuwa ndicho kitu cha mwaka huo cha kutahadharishwa watu. Na karibu yetu zaidi, madaktari wa Khartoum waliandika mwaka 1992 juu ya watoto wa Sudan waliodhurika vibaya kwa mchanganyiko wa hina na dawa hiyo, na wengine miongoni mwao wakafa. Sudan hiyo ni moja ya zile nchi 16. Basi msidhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu, au kwamba jina kuandikwa katika orodha ni dawa yake.

NGOZI HAISAHAU

Watu wengi wanaponizuia nisiseme juu ya piko hunipa hoja moja: mbona fulani amechorwa mara tatu na hakuona kitu? Hoja hii yataka kujibiwa kwa utaratibu, maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Madhara ya PPD si kama ya moto, ambao humwunguza kila augusaye papo hapo. Mara ya kwanza mwili huweza kukipokea kitu kile kama mgeni, ukakitazama na kukiweka katika kumbukumbu. Mwenyewe haoni lolote. Mara ya pili, au ya tano, mwili ukikutana nacho tena hukikumbuka, ukakifanya adui na kukipiga vita. Na uwanja wa vita hiyo ni ngozi ya mwenyewe. Ndipo hutokea mwasho, uvimbe na malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, ua kwa ua na jani kwa jani. Yakipona, mahali pake huenda pakabaki weupe au kovu lililotuna.

Na si hayo tu. Mwili ukishajifunza uadui huo hausahau. Msichana aliyeunguzwa na piko akiwa na miaka 12 huenda akafikia miaka 50, akatia dawa ya nywele kuficha mvi, na uso wake ukavimba hata asiweze kufungua macho. Pia baadhi ya dawa za kutia ganzi na baadhi ya rangi za nguo zaweza kumletea taabu, kwa kuwa zina udugu na kile kilichomwunguza.

Katika mtaa ninaokaa yuko binti aliyechorwa piko mkesha wa Idi ndogo asione kitu. Idi kubwa akachorwa tena na mkono ule ule. Siku ya pili mikono ilianza kumwasha, siku ya tatu ikajaa maji, na sikukuu yake akaimaliza hospitalini. Mamake alikuja kuniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, kama hina imeharamishwa. Nilimwambia kuwa hina haina kosa. Aliyeingia nyumbani mwake kwa jina la hina ndiye mwenye kosa.

WEUSI ULIKUJAJE?

Tusitosheke kulaani. Kila kitu kina sababu yake, na weusi huu kwa maoni yangu una sababu nne.

Ya kwanza ni haraka. Hina yataka usiku mzima kukaa mwilini, kisha siku mbili kukolea. Zamani arusi ilikuwa na siku zake, na bibi arusi alikuwa ndani akipigwa singo na kupakwa liwa. Usiku mmoja wa hina haukuwa kitu. Leo bibi arusi ametoka ofisini Ijumaa, Jumamosi anaolewa. Piko hukubali kufanya kazi kwa saa moja. Naam, haraka haraka haina baraka, lakini mwenye haraka hasikii methali.

Ya pili ni picha. Mstari mweusi huonekana vizuri katika kamera ya simu, na hina iliyotiwa jana ikiwa bado rangi ya chungwa haionekani. Mwanamke wa zamani alipambwa aonwe na mumewe na wenziwe. Wa leo hupambwa aonwe na simu pia.

Ya tatu ni watalii. Kutoka Diani mpaka Malindi, mgeni hutaka mchoro mweusi mkononi unaofanana na chale za wino, na autake kabla hajarudi hotelini kula. Mchoraji humpa akitakacho. Madaktari wa Ulaya wameandika mara nyingi juu ya watu, na hasa watoto, waliorudi likizoni wakiwa na malengelenge ya hina nyeusi. Ajabu ni kwamba kilichoanza kwa mgeni apitaye kimehamia kwa binti zetu wakaao.

Ya nne, nayo ndiyo kubwa, ni kukatika kwa mafundisho. Zamani msichana alikuwa na somo wake, na uani mwao mlikuwa na mhina. Hakuhitaji kuuliza hina ni nini. Leo watu wakaa ghorofani pasipo ua, na hina huja katika koni iliyokwisha kujazwa, bila maelezo ya kilichomo. Msichana asiyewahi kulisikia jani likinukia atajuaje kuwa anachopakwa si jani? Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Koni hizo zimejitembeza mpaka zimeingia vyumbani.

Siwalaumu sana akina dada wanaochora. Wengi wao walisha watoto kwa kazi hiyo, na wao ndio wanaoishika dawa ile kila siku kuliko wateja wao. Wengine huuziwa unga bila kuambiwa ni kitu gani. Mwenye kulaumiwa ni yule ajuaye akanyamaza, na mteja atakaye weusi kwa nguvu hata akielezwa.

UPANDE WA DINI

Wasomaji wa ukurasa huu wataniuliza dini yasemaje. Mimi si mufti, na wenye elimu wapo. Nitataja machache tuliyoyasikia tangu tuko chuoni.

Imepokewa kutoka kwa Bi Salma, aliyekuwa mtumishi wa Mtume (S.A.W.), kwamba Mtume akipatwa na jeraha alikuwa akiamrisha litiwe hina. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alikuwa akitia nywele zake hina iliyochanganywa na mmea uitwao katam. Na siku ya kufunguliwa Makka, alipoletwa mzee Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, kichwa na ndevu vimekuwa vyeupe pe, Mtume aliagiza mvi zile zibadilishwe, ila weusi uepukwe. Hukumu hiyo ni ya nywele, nami siichukui nikaibandika kiganjani. Lakini iko kanuni nyingine ya wanachuoni inayojulikana na kila aliyekaa jamvini: mtu hana ruhusa ya kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Kwa kanuni hiyo, mzazi anayempaka mtoto wake kitu ambacho ameshaambiwa kuwa chaunguza, atajibu nini?

Jambo jingine linalowatatiza akina mama ni udhu. Rangi ya hina ikishabaki ngozini haizuii maji, na udhu ni sahihi. Lakini rojo yenyewe ikiwa bado imeganda juu ya ngozi huzuia. Kwa hivyo mama zetu walikuwa na utaratibu wao wa busara: hutiwa hina baada ya sala ya Isha, hufungwa vitambaa, hulala, na hina huondolewa kabla ya Alfajiri. Au huitia katika siku zile ambazo mwanamke haswali. Mwanamke aliye edani hajipambi kwa hina. Na mikono na miguu ya wanaume haitiwi kwa pambo, ila kwa dawa.

KUANZA NYUMBANI

Basi dawa ya piko ni nini? Wako wasemao wasichana wakatazwe kujipamba kabisa. Sikubaliani nao. Ukimkataza msichana hina nyumbani ataipata piko njiani. Dawa ni kuirudisha hina ndani ya nyumba, na kazi hiyo si ngumu. Mimi ni mwanamume na mambo haya si yangu. Niliyoyaandika hapa nimeyauliza kwa wazee wa kike wenye kuyajua, na nimeyasikiliza kwa adabu.

Ukiwa na mhina, chuma majani na uyakaushe kivulini, usiyaunguze kwa jua kali. Yakikauka yaponde, kisha uchunge unga kwa kitambaa chepesi kama melimeli, kwa sababu chembe moja yatosha kuziba tundu ya koni. Usipokuwa na mti, nunua unga, si koni. Unga mwema una rangi ya kijani au kijani cha hudhurungi, na harufu yake ni ya majani makavu. Unga mwingi uuzwao madukani hutoka Bara Hindi, na Sojat katika Rajasthan ni mji mashuhuri kwa hina. Ukiona paketi imeandikwa kuwa ni nyeusi, irudishe. Ukiona koni imekaa rafuni kwa miezi, pasipo baridi wala barafu, nayo bado yafanya kazi, ujue ndani yake mna kitu kisichokuwa hina; kwani hina iliyokwisha kulowekwa hupoteza nguvu baada ya siku chache.

Chukua kikombe kimoja cha unga. Tia maji ya ndimu yaliyochujwa au chai kavu iliyopoa, kidogo kidogo, mpaka upate kitu kizito. Tia kijiko kimoja cha sukari ili ishike ngozi isipukutike. Ukipenda, tia vijiko viwili vidogo vya mafuta ya mkaratusi, yasaidiayo kukoleza. Mafuta ya karafuu yana ukali, asiyezoea ayaache. Mafuta ya taa na petroli, ambayo wengine huyatia, hayana kazi yoyote mwilini mwa binadamu.

Funika bakuli uiache. Katika joto letu la pwani saa 6 mpaka 12 zatosha. Kuijua kuwa tayari, paka tone dogo kiganjani kwa dakika chache ulifute. Likiacha rangi ya chungwa, rangi imetoka katika jani. Ndipo uongeze maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka iwe kama maziwa mazito yaliyoganda, kisha uitie katika koni ya nailoni, au utumie kijiti cha chelewa kama bibi zetu. Ikibaki, iweke katika barafu igande. Hapo hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Mwanafunzi asianze na bibi arusi. Aanze juu ya sahani au kioo, achore mistari, nukta na matone ya maji, kisha afute na kurudia. Maua yote, lile ua kubwa la Kiarabu na ile nakshi nyembamba ya Kihindi, yamejengwa kwa mistari, nukta na matone. Akishatulia mkono, ajichore kiganjani mwake wa kushoto, kwani kiganja husamehe makosa na hutoa rangi nzuri.

Mwenye kutiwa aoshe mikono kwa sabuni, asipake mafuta kabla. Hina ikianza kukauka ipakwe maji ya ndimu na sukari kwa pamba ili isidondoke. Ikae saa 4 kwa uchache, na ikiwa usiku kucha ni bora. Kuiondoa, ikwangue, usiioshe kwa maji. Jitenge na maji siku hiyo kadiri uwezavyo, ila ya ibada, na ujipake mafuta ya nazi au ya ufuta. Asubuhi ya kwanza itakuwa rangi ya chungwa na msichana atataka kulia. Mwambie angoje. Siku ya pili itakuwa imemjibu. Kwa hivyo bibi arusi atiwe siku mbili kabla ya arusi, si usiku wa arusi.

Onyo moja la lazima. Msimtie hina mtoto mchanga, hata ikiwa halisi. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo si haba katika nchi zenye malaria kama pwani yetu. Kwa mtoto wa namna hiyo, hina yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake, akapata manjano na kuishiwa damu. Ajulikanaye kuwa na upungufu huo, mdogo kwa mkubwa, aiepuke kabisa. Na yeyote aliyekwisha kuchorwa piko akaona mwasho, aioshe mara moja, aende kwa daktari amwambie ukweli kuwa ni rangi nyeusi, na asiiguse tena maishani, wala ya nywele. Akivimba uso au kuona taabu kupumua, asingoje asubuhi.

LA KUFANYA

Sasa nirudie lile swali la barazani. Ninapenda kuiona Kenya ikiandikwa pamoja na wenzetu wa Oman na Yemen, ambao tumechanganya nao damu na desturi. Makumbusho ya Taifa yana nyumba zake Lamu na hapa Fort Jesus; wawaite wazee wa kike waliobaki, waandike majina ya maua, namna ya kuchanganya, na nyimbo za usiku wa hina, kabla wenyewe hawajatutoka. Lakini maandishi peke yake hayatatosha. Urithi huu hauwekwi katika sanduku la kioo. Huwekwa mikononi mwa msichana.

Kwa hiyo mwenye ua apande mhina. Ni mti wa shukrani: kitawi kilichochomekwa ardhini huota, huvumilia kiangazi, hufaa kuwa ua wa nyumba, na maua yake hunukia jioni. Madrasa za wasichana ziwe na siku moja ya kufundishana kabla ya Idi. Wenye arusi waitenge siku ya hina, hata kama siku nyingine zimepunguzwa. Na kila mzazi, kabla hajautoa mkono wa mwanawe, amwulize mchoraji: dada, hii imechanganywa na nini, na inataka kukaa muda gani? Akijibiwa saa moja, na aurudishe mkono wa mwanawe.

Kwa kuwa watoto hushika beti upesi kuliko mawaidha, nimewatungia huu wausome wakipaka:

Hina si rangi ya duka, hina ni jani la mti,
Yaponde yakikauka, uyachunge kwa wakati,
Ukishapaka kumbuka, kungoja ndiyo sharuti,
Weusi wa kuazima, mwisho wake ni laiti.

Idi ijayo nitapita mitaani kama kawaida yangu kutoa mkono wa sikukuu. Nitafurahi kuwaona watoto wananinyoshea viganja vya damu ya mzee.